Figo Iliyobaki

Juzi mama mmoja wa kanisani kwetu alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai kikombe kizima, akaulizia watoto na kahawa, kisha akaweka kikombe chini na kuniomba nimwonyeshe kovu langu. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu cha aibu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba figo yake moja lazima itolewe. Nilifunga mlango, nikainua blauzi, nikasimama kwenye mwanga wa dirisha ili aone vizuri. Alinyoosha kidole, akasita.

"Naweza?"

"Gusa tu. Haliumi."

Akalifuata kovu kwa kidole, kutoka karibu na uti wa mgongo, likizunguka chini ya mbavu za kushoto, mpaka mbele, si mbali na kitovu. Alipofika mwisho alivuta pumzi. "Na bado uko," akasema.

"Bado niko."

Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa wengine ambao hawatapata nafasi ya kuja kunywa chai kwangu. Kazi ya figo imeelezwa katika vitabu vya sayansi vya shule, sitaigusa. Nitasema nilivyoishi.

Jina langu ni Wamuyu. Ni mwalimu wa shule ya msingi upande huu wa Kianyaga, ambako majani ya chai yanaishia na kahawa inaanzia. Mume wangu, Njogu, ni mkulima wa kahawa. Tuna watoto watatu, na katika boma letu anaishi pia mama mkwe wangu, ambaye kila mtu, hata mimi, humwita Cucu, kama watoto wanavyomwita bibi yao.

Ugonjwa ulinianza wakati wa mvua ndefu. Nilikuwa nimeinua mkono kuandika ubaoni, maumivu yakanishika ubavuni kama mtu aliyenikamata kwa koleo. Chaki ilianguka. Wanafunzi walicheka, kisha wakanyamaza walipoona sigeuki. Nilidhani ni jembe. Tulikuwa tumepalilia maharagwe Jumamosi yote. Nikanunua dawa dukani, Cucu akanikanda kwa maji moto, maumivu yakaondoka, yakarudi, yakaondoka. Kisha mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi, na homa ikaja, homa ya kutetemesha kitanda. Hospitali ya karibu wakanipiga picha, daktari akaiangalia mara mbili, akaniandikia niende hospitali ya Nyeri.

Nataka kusema kidogo kuhusu benchi la kungojea, kwa sababu hakuna aliyenionya. Sehemu kubwa ya ugonjwa wangu niliipitisha juu ya benchi. La Nyeri lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na watu mpaka linang'aa. Mtu wa mbele akiingia kwa daktari, wote tunasogea, na unakaa mahali palipoachwa na joto la mwenzako. Mwanzoni lilinichukiza. Baadaye niligundua kwamba nalingojea hilo joto. Kulikuwa na mzee kutoka Kiganjo aliyebeba mkojo wake kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ameifunga kwa gazeti, na kila anaposogea aliiinua kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai. Hatukuambiana majina. Lakini nilipotoka kwa daktari nikilia, ndiye aliyesimama akaniachia nafasi niketi.

Nililia kwa sababu ya picha. Daktari aliiweka kwenye kioo chenye taa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa kazi ile.

"Mwalimu, hii ya kulia ni nzima," alisema. "Hii ya kushoto imekuwa mfuko wa mawe na usaha. Haifanyi kazi tena, na itakuua. Lazima itoke."

"Nitabaki na moja?"

"Moja."

"Mtu anaishi na moja?"

"Kuna watu wamezaliwa na moja. Wanalima, wanazaa, wanazeeka, na hawajui."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo nikiyarudia kama mwanafunzi anayekariri. Cucu hakuyapokea. Alikuwa akichambua mboga mlangoni, na hakuinua macho. "Mungu alihesabu akaweka mbili," alisema. "Huyo daktari anataka kumsahihisha?" Jioni, tulipokuwa tunakula, Njogu alimwambia mama yake kwa heshima, "Mama, mimi ndiye nimemsikia akilia akienda chooni. Ataenda." Cucu alikusanya sahani kabla hatujamaliza kula, na kwa siku kadhaa alizungumza na mimi kupitia watoto tu. "Wangari, mwambie mama yako uji uko tayari." Nami niko pale pale, nasikia.

Nilipasuliwa Julai, katika ile baridi ambayo ukungu haupandi mpaka saa sita. Nakumbuka blanketi jembamba, dari ikipita juu yangu, na mtu aliyefunikwa mdomo akiniuliza nafundisha darasa gani. Nilisema la nne. Sikumbuki kama nilimaliza kusema.

Nilipozinduka nilihisi kama nimekatwa vipande viwili na kuunganishwa na mtu mwenye haraka. Nilikuwa na mpira mmoja wa mkojo, mwingine ukitoka ubavuni, na dripu mkononi. Kupumua tu kulikuwa kazi. Halafu kikohozi kikanijia, na yeyote aliyepasuliwa ubavu anajua ninachosema: nilikiona kikija kama lori kwenye daraja jembamba, na sina pa kukimbilia.

"Mwalimu! Kumbatia hii mto!"

Alikuwa mama wa kitanda cha pili, Mama Gachoki, muuza nguo za mitumba kutoka Ruring'u, aliyetolewa nyongo wiki moja kabla yangu. Alikuwa ameinuka kwa shida akinirushia mto wake. "Shika kabisa, finya kwa hiyo kidonda, halafu kohoa. Usiogope. Haiwezi funguka. Ata mimi niliogopa ati matumbo itaanguka chini."

Nilifinya, nikakohoa, nikaona nyota, na sikufunguka. Basi, wewe unayesoma na unayengoja siku yako: nenda na mto. Hakuna kitu kilichonisaidia kama mto.

Asubuhi iliyofuata sista alikuja kuangalia mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia pembeni mwa kitanda. Aliuinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya asali nyepesi, safi. "Angalia, Mwalimu," alisema. "Hiyo imefanya kazi usiku kucha peke yake."

Niliangalia. Sijui kama nitaeleza vizuri. Maisha yangu yote nilikuwa nimekwenda chooni bila kufikiri. Sasa nilikuwa nimelala, siwezi kugeuka, siwezi kushika kikombe, akili yenyewe imelewa dawa, na ndani yangu kitu kidogo ambacho sijawahi kukiona kilikuwa kimekesha kikinisafisha damu, kikifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na wawili. Hakikuwa kimeniuliza. Nililia tena, na sista akadhani ni maumivu, akaniongezea dawa.

Daktari akawa anapita kila siku na swali lile lile mbele ya wodi nzima: "Umetoa hewa?" Tumbo halina budi kuamka ndipo uruhusiwe kula, na dalili yake ni hiyo. Nilikuwa mwalimu, mke wa mzee wa kanisa. Niliona haya kufa. Lakini ilipokuja hatimaye, mchana, wakati wa kutembelewa wagonjwa, kila mtu aliisikia, na Mama Gachoki akapiga makofi, na wanawake wa wodi ile wote wakapiga makofi, na Njogu, ambaye alikuwa ameshika chupa ya uji akingoja ruhusa, akamimina.

Wakati wa kutoka, daktari alinionyesha mawe yangu kwenye kijitungi. Moja lilikuwa na matawi kama mzizi wa tangawizi. Aliniambia alilazimika kukata kipande cha ubavu ili aifikie figo, kwa kuwa imejificha mbali, karibu na mgongo. "Nilitia mkono mpaka hapa," alisema, akigusa juu ya kifundo cha mkono wake. Nilitazama mkono ule mkubwa. Ulikuwa umefika mahali ambapo mume wangu hajawahi kufika, wala mama yangu, wala mimi mwenyewe.

Nyumbani, Cucu alikuwa amewasha moto. Hakusema habari ya Mungu wala ya daktari. Alileta karai la maji ya uvuguvugu chumbani, akanivua nguo kama mtoto, na alipoona bandeji ilivyonizunguka, midomo yake ilitikisika. Kuanzia siku hiyo aliniosha yeye, mgongo, miguu, nywele. Hakumruhusu mwingine. Mpaka leo hatujawahi kuzungumzia zile siku za kunyimana maneno.

Msimu ule wa kuchuma kahawa sikuchuma hata punje. Nilikaa kwenye kiti mlangoni nikiwatazama wengine wakishuka na kupanda. Nilichoka kwa namna ambayo sikuijua, uchovu usioondoka kwa kulala. Siwezi kuinua debe, siwezi kumbeba mtoto wetu mdogo, siwezi kucheka. Shemeji yangu alikuwa mcheshi, na ilibidi akatazwe kuja.

Na mwili ulibadilika. Upande wa kushoto ulitokeza, kama nimeficha mkate ndani ya nguo. Daktari alieleza kwamba misuli ya pale imelegea kwa kukatwa, na huenda isirudi kama ilivyokuwa. Ngozi chini ya kovu ilikufa ganzi. Siku moja niliegemea karibu na jiko na sikujua mpaka niliponusa sufu ya sweta ikiungua. Niliporudi kazini Januari, wanawake sokoni walianza kunitazama tumbo. "Mwalimu ameongeza," niliwasikia. Mimba ya upande mmoja! Nilikwenda nyuma ya kibanda cha viazi nikasimama pale mpaka uso ukapoa.

La kuniumiza zaidi lilikuwa Njogu. Tangu nitoke hospitali alilala chumba cha watoto. Mwanzoni nilimshukuru. Lakini kidonda kilipona, mvua ndefu zikaja tena, na bado alikuwa akichukua blanketi lake kila jioni. Nilijiangalia kwenye kioo na nikajua sababu. Au nilidhani najua. Asubuhi moja alipotoka kukamua, nilimsubiri jikoni.

"Baba Wangari, nimekuwa kinyaa kwako?"

Aliweka ndoo ya maziwa chini. "Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji wakikutoa," alisema. "Ulikuwa rangi ya majivu. Nilimwuliza yule kijana wa kusukuma kitanda kama huyo ni wewe. Sasa nikilala karibu nawe naota nimekugeukia, nimekupasua."

"Nyuzi zilitolewa zamani."

"Mimi bado naziona."

Nilimshika mkono nikauweka pale palipotokeza. Alitaka kuuondoa, sikumwachia. Tulisimama hivyo mpaka ndama akaanza kulia. Jioni ile blanketi lilirudi chumbani kwetu.

Mwaka huo wa pili, wakati wa baridi, mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake. Kulikuwa na simu yangu kutoka Uingereza. Ni mdogo wangu, Nyambura, aliyeolewa huko na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Sisi ni wawili tu kwa mama yetu.

"Wamuyu," alisema, "niko na mawe. Figo ya kulia. Wanasema imekufa, inatolewa."

Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Nilimweleza kila kitu kwa haraka: mto, kikohozi, hewa, ubavu, asiinue kitu, ajiandae kwa mwaka mzima. Alikuwa akilia. Nilikata simu nikaenda darasani nikawapa wanafunzi kazi ya kusoma kimya.

Simu ya pili ilikuja kabla hata mahindi mabichi hayajakauka. Upande wa pili, mtu alikuwa anacheka.

"Nyambura! Wacha kucheka! Utafungua nyuzi!"

"Haiumi."

"Umepasuliwa lini?"

"Wiki iliyopita. Nimetembea mpaka dukani leo. Wamuyu, ni matundu. Matundu madogo manne. Walitia kamera tumboni, wakaikata wakiangalia kwa televisheni. Wakaitia kwa kijifuko huko huko ndani, wakaipondaponda, wakaivuta nje kwa tundu."

Nilimwambia asinidanganye. Aliapa kwa mama yetu. Nilipoweka simu chini, mwalimu mkuu aliuliza, "Ni habari mbaya?" Nikasema, "Ni nzuri," na nikaona machozi yakinitoka. Furaha ilikuwamo, nilikuwa nimemshukuru Mungu kabla sijaweka simu. Lakini pia nilijigusa upande wangu uliotokeza, na nikauliza moyoni kwa nini mimi nilipasuliwa kama ng'ombe. Ninasema hilo kwa sababu huenda nawe utakutana na mwenzako aliyepita njia nyepesi. Wivu utakuja. Ulikuja kwangu, ukakaa, na niliendelea kumpenda mdogo wangu.

Alikuja nyumbani Desemba. Alipanda kilima kutoka barabarani na mkoba wake begani, bila kusimama. Tulijifungia chumbani pamoja na Cucu, tukainua blauzi. Tumboni mwake mlikuwa na alama nne, tatu kama kucha ya kidole, na moja ndefu kidogo walipoitolea. Cucu alivaa miwani. Alizitazama, akanitazama mimi, akazitazama tena.

"Ilitoka hapo?" aliuliza. "Figo nzima?"

"Imepondwa, Cucu. Na sasa wanasema watatengeneza mashine yenye mikono. Daktari anakaa kando anaiongoza, mashine ndiyo inakata."

Cucu alivua miwani. "Mimi akinikata mtu, nataka awe ananigusa," alisema, akatoka kwenda kuangalia githeri, mahindi na maharagwe yaliyokuwa motoni.

Tulipobaki wawili, Nyambura alipiga magoti akalitazama kovu langu kwa karibu. Hakucheka tena. "Sikujua," alisema. "Uliniambia, lakini sikujua." Kisha akanieleza ambayo hakuyasema kwenye simu. Hewa waliyomjaza tumboni ilimpandia mabegani, akashindwa kulala siku kadhaa. Mumewe alikuwa kwenye zamu za kiwandani. Alirudishwa nyumbani upesi sana, akiwa peke yake, na siku moja alikaa sakafuni akalia kwa sababu ameshindwa kufungua mkebe wa supu. "Wewe ulioshwa," alisema. "Mimi nilijiosha nikishikilia ukuta."

Sitasema njia hizi mbili ni sawa. Ningeweza kuchagua, ningechagua matundu, na ninaomba yafike Nyeri kabla zamu ya watoto wetu haijafika. Yeye alirudi kazini kabla majira hayajageuka. Mimi nilipoteza nusu mwaka, na upande huu hautarudi. Lakini hakuna kati yetu aliyepita bure.

Kabla hajarudi, nilikuwa na siku yangu ya kuangaliwa Nyeri, naye akanisindikiza. Tukasogea pamoja kwenye lile benchi. Daktari wangu alikuwa na ile mashine ya picha wanayowapimia wajawazito. Nililala, akanipaka ile dawa baridi ya utelezi, akapitisha kichwa cha mashine upande wa kulia, na kwenye kioo kukatokea umbo la kijivu, limejikunja kama mtoto aliyelala.

"Ndiyo hii," alisema. Akapima toka ncha mpaka ncha, akalinganisha na karatasi zangu za zamani. "Imekua."

"Imevimba?" niliuliza kwa hofu.

"La. Imekua. Ni kubwa kuliko ilivyokuwa kabla hatujakupasua. Imejiongeza ili ifanye kazi ya mwenzake."

Nyambura alisogea karibu. "Na yangu?"

Daktari alimwangalia, akaniangalia, nami nikamweleza. Hakuuliza mengi. Alimwambia alale pale pale nilipotoka, akapaka tena, akatafuta upande wa kushoto. Hakuwa na picha za zamani za kulinganisha, lakini alipopima alitabasamu peke yake. "Hii pia ni kubwa," alisema. "Njoo uone, Mwalimu."

Nyambura alikuwa ameinua shingo. "Daktari, ni nani aliyeiambia?"

"Kuiambia nini?"

"Kwamba mwenzake ameondoka. Iko huko gizani. Ilijuaje?"

Daktari aliendelea kutazama kioo. "Vitabu vinasema mengi," alisema. "Mimi najua kukata na kushona. Hilo, kila nikiliona, nasimama tu naangalia."

Nje kwenye benchi watu walikuwa wameanza kunung'unika, na mtu akagonga mlango. "Ngojeni kidogo," daktari akaitikia bila kugeuka. Akakirudisha kile kichwa cha mashine tumboni mwa mdogo wangu, picha ikatulia, na sote watatu tukaitazama.